Mpaka Baba wa Taifa Azikwe

Wiki iliyopita tulibomoa nyumba ya Bibi. Si kwa ubaya. Udongo ulikuwa umeshachoka, nguzo zimeliwa na mchwa, na mvua moja ya nguvu ingeiangusha yenyewe. Mafundi walikuwa nje wanasubiri, nami nikaingia mara ya mwisho kutoa kilichobaki. Hakikubaki kitu ila picha ya Baba wa Taifa ukutani, ndani ya fremu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Nilipoitoa kwenye msumari, harufu ya ukuta ule ikanijia usoni, moshi wa miaka mingi na mafuta ya nazi na udongo mkavu. Nikakaa chini hapo hapo, mtu mzima na ukubwa wangu, mafundi wananichungulia mlangoni.

Niliigeuza. Ubao wa nyuma umechakaa kuliko picha yenyewe, umeng'aa kwa kushikwashikwa, na katikati yake kuna herufi kubwa za penseli, zimepinda: MALI YA SIWATU. Siwatu ndiye Bibi. Maneno hayo ndiyo ya kwanza kuyasoma maishani mwangu, na aliyenifanya niyasome, yule mzee wa pichani, hakujua kama yupo mtu anayeitwa Siwatu, wala mie.

Mama yangu aliolewa mara ya pili Mbwera, huko kwenye visiwa vya mdomo wa mto, na shule ilikuwa ng'ambo ya mkondo, mtumbwi leo upo kesho haupo. Ndipo akaniacha kwa Bibi, Mahege, nisome. Nyumbani tulikuwa wawili. Mjomba Seif, kaka yake mama, alikuwa na nyumba yake upande wa pili wa uwanja. Bibi aliniita mke mwenza, kama mabibi wote wa kwetu waitavyo wajukuu zao wa kike, na tuligombana kama wake wenza kweli, nani kamaliza maji, nani kaacha chungu wazi paka kaingiza kichwa.

Picha ilitundikwa ukuta wa kibla kwa sababu ndio uliokuwa hauvuji. Lakini Maalim wa chuo, pale tuliposomea Kurani, alikuwa amesema mtu haswali mbele ya picha ya mtu. Bibi hakuishusha. Kila wakati wa swala ulipofika aliigeuza, uso ukaelekea ukutani, akaswali, halafu akaigeuza tena. Mara tano kwa siku, hata akiwa na homa. Nami nilivyokuwa mdogo niliona jambo moja tu: sisi tukielekea kibla, Baba wa Taifa naye anaelekea kibla. Tukimaliza, naye kamaliza, anageuka kututazama. Kwangu halikuwa na mjadala, yule mzee anaswali na sisi. Wakati wote wa swala macho yangu yalikuwa kwenye maandishi ya mgongoni mwake, mpaka siku moja, baada ya kufundishwa silabi shuleni, nikayasoma kwa sauti Bibi akiwa kwenye rakaa ya pili. Alipotoa salamu alinifinya. Kisha akaniambia nisome tena.

Maandishi yale yalikuwa ya mkono wake. Zamani walikuwa wakiishi bondeni, karibu na mto, kila mtu kwenye shamba lake. Wakaja watu wa serikali wakasema mafuriko yatawamaliza, hameni, pandeni mlimani mkae pamoja, mpate shule na zahanati na maji. Waliotaka walihama. Wasiotaka walihamishwa. Babu yangu alikuwa katika wasiotaka. Hakumaliza mwaka wa tatu huku juu akafa, na siku aliyokata roho aliwaita wanawe akawapa wasia mmoja: nyumba wameihamisha, shamba lisihame, msiliache likalala pori. Bibi akabaki mjane mlimani, miongoni mwa majirani ambao hakuwachagua. Jioni moja akaingia darasa la kisomo, lile la watu wazima, na mtoto mgongoni. Siku aliyohitimu akapewa ile picha zawadi, na jambo la kwanza aliloandika bila kuangalizia ubaoni ni kwamba picha ni yake.

Niliwahi kumuuliza kama anampenda yule mzee. Alikuwa anachambua mchele. "Huyu ndiye aliyenitoa kwangu," akasema. "Na huyu ndiye aliyenifundisha kuandika kwangu kulikuwa wapi." Sikumwelewa. Nilidhani hajanijibu.

Sasa nikueleze dungu, maana habari yote imo humo. Dungu ni kibanda cha juu ya nguzo, kinajengwa katikati ya shamba la mpunga, unapanda kwa ngazi ya miti. Ukishapanda mpunga unahamia huko, na huondoki mpaka umevuna. Chini kuna maji, kuna nguruwe, na mara nyingine kiboko. Juu kuna ndege. Nguruwe kazi ya wanaume, ndege kazi ya watoto. Unakaa juu kutwa nzima unapiga debe na kupiga kelele, ndio kuamia. Msimu ukifika, madarasa yalikuwa yanabaki nusu. Mama aliingia dungu akiwa darasa la tatu, na alipotoka alikuta wenzake wamempita, akaona haya, akaacha. Mjomba hakufika hata hapo. Hakuna aliyeona ni dhuluma. Wengi walioshuka bondeni na vitabu walirudi navyo vimeliwa na panya, nao hawakuonekana tena shuleni.

Mwaka ninaousema mie nilikuwa darasa la nne, na mke wa Mjomba alikuwa kajifungua pacha. Watoto wake wengine wadogo, mmoja bado anatambaa. Watu walikuwa wameshaanza kuchoma majani bondeni, na kila Mjomba akipita uwanjani jicho lake lilikuwa kwangu. Lilinipima urefu wa mikono.

Habari ya kifo ilikuja kwa redio ya Mjomba, ile aliyokuwa akianika betri zake juani juu ya paa. Bibi alikuwa anapepeta. Aliweka ungo chini, akasema inna lillahi, akakaa mikono mapajani. Baba wa Taifa kafia ng'ambo, hospitali. Majirani wakaja mmoja mmoja wakakaa barazani kwetu, kwa kuwa wote walijua picha iko kwetu, na wanawake wengine walilia kwa sauti. Mie sikulia. Niliingia ndani nikaitazama picha. Ilikuwa vile vile.

Siku ya pili yake, asubuhi, Mjomba akaja na panga mkononi akasimama kizingitini. "Mama, wiki hii nashuka kutengeneza dungu. Huyu nakwenda naye. Sina mwingine."

Bibi hakunyanyua kichwa. "Huyu ana shule."

"Na mzee wangu ana shamba. Nililaze pori kwa sababu ya daftari? Wewe ulikuwepo alipotoa wasia, au nimeota?"

Hapo Bibi akanyamaza, na mie nikajua mambo yameharibika, kwa sababu Bibi hakuwa mtu wa kunyamaza. Wasia kwetu haujadiliwi. Mjomba hakuwa mkorofi, nisimsingizie. Alikuwa mtoto wa baba yake, na amri ya baba yake ilikuwa imemkaa shingoni tangu ujanani. Lakini mie nilikuwa na miaka kumi na kichwa kigumu, nikasema yaliyonijia mdomoni.

"Baba wa Taifa hataki. Alisema watoto wote wasome."

"Baba wa Taifa kafa, mwanangu," akasema Mjomba, na hakusema kwa ubaya.

"Hajafa. Mbona hawajamzika?"

Usicheke. Kwetu mtu akifa alfajiri, alasiri yuko kaburini. Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia maiti aliyelala siku ya pili. Nilikuwa nimeshazika majirani, nimemzika mtoto wa shangazi, wote siku ile ile. Redio ilisema kafa jana, leo ikasema bado, ndiyo kwanza wanaandaa kumleta. Mimi nikapiga hesabu yangu nikaona haiwezekani. Mtu asiyezikwa hajafa sawasawa, na kama hajafa sawasawa, neno lake bado lipo.

Majirani waliokuwa barazani wakaangua kicheko, cha kwanza tangu jana. Mjomba naye akacheka, akafuta uso kwa kiganja. "Haya," akasema. "Nyote mmesikia. Mpaka azikwe, soma. Siku atakayozikwa, jioni yake funga virago."

"Nimekubali," nikasema, mbele ya mashahidi.

Basi nikaanza kuishi kwa siku moja moja. Kila asubuhi kabla ya shule nilikimbia kwa Mjomba nikasimama chini ya redio. Bado. Wamemleta nchini, bado. Watu wanapanga foleni kumuaga, bado. Nilikwenda shule kila siku, na sijapata kusoma vile tena mpaka leo. Niliandika hata yale ambayo mwalimu hakutuambia tuandike. Jioni moja redio ilikuwa inaimba nyimbo za kanisani, na hilo likanisumbua, nikamuuliza Bibi mbona wanamwimbia Kikristo.

"Kwa sababu ni Mkristo."

"Na swala anazoswali hapa kwetu?"

Bibi alinitazama, akaitazama picha, akatazama ukuta wa kibla. Alipoelewa alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yakamtoka, na sikujua lini kicheko kilikwisha akawa analia tu. "Mke mwenzangu," akasema, "huyu mzee kama angejua anavyoswalishwa." Lakini jioni ile aliigeuza kama kawaida, na aliigeuza polepole kuliko siku zote.

Usiku na mchana nilikuwa na dua moja. Nilimwomba Mungu wasimzike. Niliomba nikichota maji, nikioga, nikila. Kisha siku moja chuoni Maalim akatufundisha habari za maiti, kwamba kumheshimu ni kumharakisha, kwamba akicheleweshwa ananyimwa pumziko lake. Hakuwa anamsema Baba wa Taifa, alikuwa anafundisha mlango ule wa kitabu kama kila mwaka. Lakini mimi nilihisi anazungumza na mie peke yangu. Nilimwona yule mzee kalala mbele ya watu siku baada ya siku, kachoka, anataka kwenda zake, na kuna mtoto mmoja wa Mahege kamshika nguo. Sijawahi kuona haya kama siku ile.

Nilikaa na jambo hilo mpaka kesho yake. Ilikuwa vita, na sitaki kujifanya nilikuwa mtoto mwema. Nilifikiria dungu, nikafikiria Mama alivyokuwa akishika karatasi ya zahanati juu chini. Mwisho nikaingia ndani, nikasimama mbele ya picha, nikasema, "Basi, azikwe." Nikamwomba Mungu waziwazi, kwa sauti, nisije nikajidanganya. Kisha nikafunga virago mwenyewe, kanga mbili na kikombe na daftari moja, nikaviweka nyuma ya mlango.

Siku ya maziko uwanja ulijaa. Redio iliwekwa juu ya kinu. Wanaume walikaa upande mmoja na wanawake upande mwingine, kimya kama msibani kwao wenyewe. Bibi alikuwa amejifunga kaniki. Tulisikia mizinga, tukasikia watu wanalia huko mbali kijijini kwake, na mtangazaji akasema sasa jeneza linateremshwa. Nikapumua. Namwambia kila mtu ukweli huu na hawaniamini: nilipumua kwa ajili yake kwanza, ndipo nikakumbuka yangu.

Nilisimama mbele ya watu wote, nikaingia ndani, nikatoka na kifurushi changu kichwani. "Mjomba," nikasema, "kazikwa. Twende."

Mjomba alikuwa bado na machozi usoni. Nadhani alikuwa ameshasahau. Alitazama kifurushi, akaniangalia, akajikohoza, akainuka. Ahadi ni ahadi, na uwanja mzima ulikuwa shahidi wake.

"Kaa chini, Seif," akasema Bibi.

Akakaa.

"Kazikwa, sivyo? Sote tumesikia. Mpaka jana alikuwa hajazikwa, na mtu asiyezikwa unaweza kumwendea ukamwomba. Ungemwambia, mzee, nipunguzie, nina pacha, sina wa kuamia ndege. Labda angekusikia. Leo yuko kaburini. Utamwomba nani?"

Mjomba akafuta machozi kwa kiganja, Bibi akaendelea.

"Aliacha neno watoto wasome. Jana lilikuwa amri. Leo ni wasia. Wewe ndiye unayenifundisha mimi kila mwaka kwamba wasia hauguswi. Wa baba yako hauguswi, nakubali. Na huu?"

"Mama, yule hakuwa baba yangu."

"Tulikuwa tukimwita nani miaka yote hii?"

Hakuna aliyecheka. Mjomba aliinamisha kichwa, na niliona kichwa kile kinavyoelemewa, maana sasa alikuwa na wasia wa pili na mikono ile ile miwili. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtoto, "Basi nani ataamia?"

Bibi akaja akanitua kifurushi. Akakifungua, akatoa daftari akanirudishia, akakifunga tena. Kanga mbili na kikombe akaviweka kichwani mwake. "Mie," akasema. "Sauti ninayo."

Watu walimsihi. Magoti yake yalikuwa mabovu, hata kupanda kitandani kulimshinda. Alishuka bondeni wiki ile ile. Picha akaniachia. Alinionyesha jinsi ya kuigeuza bila kuivunja, mkono mmoja chini ya fremu, kama unavyomshika mtoto, na akaniambia sitaki kusikia umesahau hata alasiri moja. Mke wa Mjomba alikuwa anakuja kulala na mie, na pacha wake. Kila Ijumaa baada ya shule nilimpelekea Bibi chumvi na dawa ya kuchua, na nilimkuta juu kule, mfupi, mweusi kwa jua, anawatukana ndege kwelea kwa Kindengereko kana kwamba ni wakwe zake. Alikuwa akinitaka nimsomee daftari nikiwa chini, yeye yuko juu, mie nimesimama majini. Nikikosea alipiga debe.

Mjomba hakustahimili kumwona mama yake peke yake kule. Alijenga dungu la pili, hatua chache tu kutoka la Bibi, na msimu ule wote walikuwa wanaamia wakitazamana, na kugombana juu ya ndege wa nani ametua kwa nani. Mpunga ulipatikana. Bibi alipopanda mlimani tena alipandishwa kwa baiskeli, na tangu siku ile hakutembea bila fimbo. Hakunisimanga hata siku moja. Mimi ndiye niliyeihesabu ile fimbo kila ilipogonga sakafu, na kila nilipotaka kuacha shule, kwa uchovu au kwa maneno ya watu, niliisikia.

Sasa mie ni mwalimu, Kibiti. Bibi tumemzika miezi minne iliyopita, kabla ya alasiri, kama inavyotakiwa.

Nilipotoka na picha siku hiyo ya kubomoa, Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya paa la baraza. Kazeeka. Fimbo ya Bibi ndiyo anayotembelea. Alisubiri mafundi waende upande wa pili, kisha akasema bila kunitazama, "Nimekata shauri, mwanangu. Mwaka huu shamba silimi. Pacha wako Dar, magoti yameisha. Kila mtu bondeni anaacha. Lilale tu."

Mambo mengi yalinipitia kichwani. Nilimwona alivyokuwa akishuka na panga, na nilijua imemgharimu kiasi gani kutamka neno hilo, na zamani ningeshukuru. Niliegemeza picha kwenye goti langu.

"Sawa, Mjomba. Tumwombe nani?"

"Nini?"

"Wasia wa Babu. Yuko kaburini. Twende tukamwombe nani?"

Alinitazama sana. Midomo ikamcheza, na nilidhani atacheka, lakini alifunika macho kwa kiganja kile kile cha zamani. "Mwizi wewe," akasema. "Umemwibia mama yangu maneno."

Nikamwambia nimepewa. Nikamwambia shule zinafungwa wiki ijayo, likizo yote niko bondeni. Zikifunguliwa nitashuka Ijumaa jioni, nirudi Jumapili. Siku za kazi atakaa mkwe wake, yaani mume wangu, ana sauti ya kufukuza hata kiboko na hajawahi kuitumia kwa jambo la maana. Mjomba akauliza kama mkwe mwenyewe anajua. Nikasema atajua leo jioni.

Kabla ya kuondoka nilimwomba fundi mmoja penseli yake bapa ya kupimia mbao. Nilipiga goti palepale barazani, nikaigeuza picha, na chini ya jina la Bibi nikaandika la kwangu. Kisha nikamkabidhi Mjomba ule msumari nilioung'oa ukutani aushike, wa kuitundikia picha dunguni, nikaenda kufunga virago.